Barabara Isiyo na Gari

Jumatatu, 5 Julai 1999

Venant amekuja. Siku zote mwanangu huyu hushuka barabara kuu akaja kwa miguu. Leo amekuja juu ya baiskeli ambayo sijaiona maishani mwangu. Matairi manene, yana meno kama ya trekta. Haina kengele, haina keria, haina taa. Nikamuuliza, hii inabeba nini? Akasema inabeba mtu. Mtu tu? Mtu tu, mama.

Nikajua ameiiba. Nikamwambia hivyo hivyo, hata hajanisalimia. Akasema shikamoo. Marahaba, umeiiba wapi?

Hakuiba. Ni ya kazini. Tangu kiwanda chao kule Nyakato, mjini, kifungwe na wao wapewe barua, huu ni mwezi wa nane, alikuwa anauza maji ya kunywa stendi ya Nyegezi na mkewe Gladness anakaanga mihogo mlangoni. Sasa kuna mama mmoja wa Kizungu amemwajiri. Kazi gani? Kumtafutia barabara. Nikasema barabara zipo, hazijapotea. Akasema siyo hizo, mama. Akala ugali wote na samaki niliyemweka kwa ajili ya kesho.

Akiwa anasinzia kwenye kiti ndipo akasema: Ijumaa namleta huyo mama na mwenzake, wanakuja kuipima barabara yetu. Hii ya jineri ya pamba.

Kuipima!

Na yeye anasinzia. Hajui hilo neno tumelililia kiasi gani. Mvua za Elinino zilipobeba daraja letu la mto Lwabe, mwaka jana mwezi wa kwanza, tuliunda kamati. Barua nne tumepeleka wilayani, njooni mpime. Mimi ndiye mtunza karatasi, kwa sababu nyumba yangu haivuji na nilisoma kisomo cha watu wazima nikafika mpaka mwisho. Shule sikuiona, lakini barua zote nne ni mkono wangu. Hakuja mtu. Sasa wapimaji wanaletwa na mwanangu mwenyewe, juu ya baiskeli.

Nimekwenda kwa shemeji Ndalahwa kabla giza halijaingia. Yeye ndiye mwenyekiti wa kijiji, mdogo wake marehemu mume wangu. Nikamwambia wanakuja kupima. Akavaa viatu palepale. Sijui alikuwa anakwenda wapi.

Jumatano, 7 Julai 1999

Sabasaba. Mkutano ulijaa. Venant hakuwepo, alikwenda huko vilimani kwenye mawe kuchora njia kwenye karatasi.

Ndalahwa akaeleza. Watu wakafurahi mpaka wengine wakaanza kugawana vibarua vya kubeba mchanga. Si ajabu. Pamba ya msimu huu imejaa majumbani, mimi mwenyewe nalala nayo kama panya. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kinaifuata hata ungeilima juu ya jiwe. Siku hizi ni wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, na malori yao yanaishia ng'ambo ya mto. Dereva anaangalia lile korongo, anageuza. Na mwezi wa pili Dorcas, binti wa Ndalahwa, alijifungulia palepale mtoni akipelekwa hospitali. Mimi ndiye niliyepokea mtoto, nimepiga magoti kwenye tope. Wamempa jina Nzila. Njia. Mtoto mzima, mama yake bado anatembea kwa kujishika kiuno.

Kisha nikatoa wazo. Nikasema, pale mtoni tumelaza magogo mawili, tunavukia. Mpimaji akiyakuta atasema hawa wanavuka vizuri, twende kwa wenye shida. Tuyatoe. Waone korongo lilivyo.

Wakapiga makofi.

Ndalahwa akasema, shemeji, ungekuwa mwanaume ungekuwa mbunge. Nikamwambia ningekuwa mwanaume ningekuwa na akili kama zako, Mungu akaniepusha. Wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Mihayo na vijana wenzake wameyavuta magogo jioni, wakayaficha kwenye matete.

Ijumaa, 9 Julai 1999

Sijui niandike nini kwanza.

Wamekuja saa nne, wakitokea upande wa ziwani. Wawili, pamoja na Venant mbele. Mwanaume mrefu, haongei. Na huyo mama, jina lake Haneke. Nilitegemea msichana. Ni bibi! Ana mvi kuliko mimi, amevaa kaptura inayobana, magoti nje, kichwani bakuli gumu. Akaniamkia shikamoo, kwa Kiswahili. Nikasita, kwa sababu sikujua nani mkubwa. Nikamuuliza miaka. Sitini na sita. Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige, Ndalahwa akahesabu kwa vidole akasema nimemzidi miwili. Basi nikamwambia marahaba, na nikamwambia afunike mapaja, kuna upepo.

Akacheka. Nilimpenda, siwezi kusema uongo.

Tukateremka nao mpaka mtoni, kijiji kizima. Venant alipofika ukingoni akasimama. Magogo yako wapi? Akaniangalia mimi. Nikaangalia juu.

Haneke hakuuliza. Alivua viatu, akavining'iniza shingoni, akainua baiskeli begani kama mtu anayebeba mbuzi, akaingia kwenye maji. Yalimfika juu ya magoti. Katikati akateleza kidogo, kijiji chote kikasema aah. Nikasubiri akasirike. Nilitaka akasirike. Ndiyo maana tuliyatoa.

Akatoka ng'ambo anacheka. Maji yanachuruzika. Akabonyeza kitu kidogo kwenye usukani, kina namba. Akamwita mwenzake waangalie. Dorcas akaninong'oneza, mama mkubwa, anapima. Akina mama wakapiga vigelegele.

Akarudi tena upande wetu kutuaga. Ndalahwa akanyoosha shati akasema, mama, kama unavyoona, hapa gari halipiti.

Haneke akasema: Hakuna gari. Nzuri sana.

Nikajua Kiswahili kimemponyoka. Nikamwambia polepole, mama, sema mbaya. Hakuna gari, mbaya.

Akasema hapana, bibi. Nzuri.

Ndalahwa akasema, hata lori la pamba halifiki, mama. Hata gari la wagonjwa. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, nimeiona kwa macho yangu, huruma ya kweli. Halafu akageuka akaangalia ile barabara inavyopanda kilimani katikati ya mawe makubwa, nyasi zimeota katikati, na akasema neno la kwao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mchuzi.

Wakavuka na baiskeli zao, wakaondoka. Wakapanda kile kilima bila kushuka kwenye baiskeli. Wana hela ya ndege hao, na wanapanda mlima kwa mapaja yao.

Watu wakabaki pale ukingoni wananitazama mimi. Mihayo akauliza, bibi, sasa wametupima au hawakutupima? Nikamwambia nenda kayatoe magogo kwenye matete.

Jumamosi, 10 Julai 1999

Gogo moja halipo. Mtu amelichoma mkaa, siku mbili tu. Sasa tunavukia moja, na wazo lilikuwa langu.

Venant alirudi jana jioni kutoka kuwasindikiza. Leo asubuhi nimemkalisha kwenye kigoda, nikasema sema yote, polepole, mimi si mjinga.

Kasema. Kupima kwa huyo mama ni kujaribu. Wanajaribu kama panapitika kwa baiskeli, mlima mkali kiasi gani, maji ya kunywa yako wapi. Huyo Haneke ataleta watu wa kwao, kumi kumi, waendeshe baiskeli hapa kwetu siku tano, sita. Kutoka Nyegezi, kupanda kwenye mawe, kupita hapa, kushuka ziwani, kurudi. Wanapeleka wapi? Hawapeleki popote, mama. Wananunua nini? Hawanunui. Wana mgonjwa? Hawana mgonjwa. Basi wanakwenda wapi? Wanakwenda tu.

Kwao hawana barabara? Wanazo, akasema, lakini zimejaa magari, hawapumui. Wanatafuta pasipo na gari. Na watalipa.

Watalipa kwa sababu hakuna gari?

Ndiyo, mama.

Nikacheka, nikasema basi sisi ni matajiri wa kutupwa, hatujui tu. Hakucheka.

Nikauliza, na daraja likijengwa? Akachezea funguo zake. Akasema malori yote ya pamba na ya samaki yatakata hapa kuepuka mzunguko wa barabara kuu. Vumbi, honi. Haneke keshasema, palipo na malori haleti mtu, wataumia. Atatafuta kwingine? Hakuna kwingine, mama. Nimetafuta miezi mitatu. Ni hii tu inayofika ziwani.

Na wewe?

Akasema, mimi ni mtu wa barabara hii. Ikifa, na mimi ndio basi tena.

Nikamwambia imekwisha kufa barabara hii, mwaka wa pili sasa. Akasema hapana, mama, ndiyo kwanza inaishi. Kichwa kinaniuma. Nimemwambia akalale, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Jumatatu, 12 Julai 1999

Ndalahwa amerudi kutoka wilayani anakimbia, mtu wa miaka sitini na tumbo lake. Injinia ametuma neno. Kuna mradi, madaraja manne tu kwa wilaya nzima, mwaka huu tu. Sharti kijiji kiahidi mawe, mchanga na nguvu za watu, na watu wazima wote watie sahihi au dole gumba. Karatasi ifike ofisini kwake Ijumaa kabla hawajafunga. Saa tisa na nusu. Ikifika Jumatatu haipokelewi. Na aliyeandika ndiye aipeleke mkononi, akaulizwe.

Kutwa nzima watu wamepita kwangu. Wino umeisha, tukachanganya na masizi. Waliokosana tangu kufa kwa mzee Ngosha wamepanga mstari mmoja. Dorcas ametia dole lake, halafu akatia na la Nzila. Ndalahwa akasema la mtoto halihesabiwi. Nikamwambia liache hapo hapo, huyo ndiye aliyeliona lile korongo kabla ya kuona jua.

Venant alikuwa amekaa kibarazani. Anajua kuandika vizuri, hana haja ya dole. Hakuna aliyempa kalamu, kwa kuwa anahesabiwa mtu wa Nyakato. Naye hakuomba.

Jumanne, 13 Julai 1999

Leo asubuhi nilikuwa nachambua dagaa. Akaja akakaa chini, hakukaa kwenye kiti. Nikajua kuna jambo.

Akasema, mama, ile karatasi.

Nikasema nini?

Akasema sisemi uichane. Sisemi ukatae. Ichelewe tu. Ikifika Jumatatu itakuwa imefika, na wewe hukufanya kosa, umechelewa tu kama watu wote wanavyochelewa. Mwaka ujao kutakuwa na mradi mwingine. Nipe mwaka mmoja.

Nikamwambia mwaka mmoja ni misimu ya pamba mingapi? Ni wajawazito wangapi? Akasema anajua. Nikamwambia hujui, hukuwepo kwenye lile tope. Akasema na wewe hukuwepo Nyakato, mama. Hukuona watu mia nne wanapewa barua getini, mtu mzima anasoma anairudia kusoma. Mdogo wangu wa mwisho amerudishwa nyumbani kwa ada ya shule, mwezi sasa. Anasema kwa majirani anaumwa macho.

Huyo anayemwita mdogo wake ni mwanawe, ndivyo anavyomwita kwa mapenzi. Mjukuu wangu. Anaumwa macho.

Sijamwona Venant akilia tangu ana meno ya maziwa. Hakulia na leo. Alikaza taya tu, kama baba yake.

Nikamwambia ondoka mbele yangu. Akaondoka. Alipofika kwenye ua nikamwita arudi ale.

Jumatano, 14 Julai 1999

Karatasi iko chini ya godoro. Nimelala juu ya madole ya watu.

Nimekwenda kukaa juu kwenye jiwe, pale barabara inapoonekana pande zote. Nimekaa asubuhi nzima niione kwa macho ya yule mama. Nikaona ng'ombe. Mwanamke na kuni. Baiskeli ya mkaa, mwenyewe anaisukuma. Halafu muda mrefu hakuna kitu. Ndege. Upepo kwenye mtama. Nikasema hiki ndicho wanachokifuata? Nikakitazama tena. Sijui. Labda ukiwa umeshiba.

Alhamisi, 15 Julai 1999

Ndalahwa alisema atanisindikiza mpaka ofisini. Leo ameamka na malaria, anatetemeka ndani ya mablanketi matatu. Nimempelekea uji. Akasema, shemeji, utakwenda na nani? Nikasema na Mihayo. Akasema, Mihayo! Na lile baiskeli lake linalofungwa kwa kamba? Utafika Krismasi. Nenda na mwanao, ana gia.

Nikachukua kijiko nikaanza kukoroga uji.

Akasema, au mna ugomvi? Nikasema hatuna. Ningesema kweli wangemtafuna Venant mzima mzima, na mimi ndiye niliyemzaa. Lakini nikinyamaza nawatafuna wao. Nilikoroga ule uji mpaka ukapoa.

Kwa miguu siwezi. Goti la kulia limekataa tangu masika. Hadi Nyegezi ni vilima vitatu, halafu ndiyo upate gari la mjini.

Nilimwambia Venant: kesho utanipeleka kwa injinia. Nilimwangalia usoni wakati nasema. Akasema sawa, mama. Haraka hivyo. Hata hakumeza mate. Jioni nzima amekuwa anagonga vyuma, ametoa keria kwenye ile baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba yake, amelifunga kwenye baiskeli la Mzungu, ameweka na mto niukalie. Mto wangu mwenyewe wa kichwani. Akauliza kama ni laini.

Mtoto mwema huyu. Ndiyo inayonichanganya.

Ijumaa, 16 Julai 1999

Tumetoka saa kumi na mbili. Karatasi iko kifuani, ndani ya nailoni. Daftari hili nimelibeba maana maofisini unakalishwa.

Mtoni ameivusha baiskeli kwanza, akarudi akanishika mikono miwili juu ya gogo, anatembea kinyumenyume. Usiangalie maji, mama, niangalie mimi. Nikamwangalia.

Mlima wa kwanza nilishuka nikatembea, yeye anasukuma. Akawa ananieleza gia. Hii ndogo ya kupandia, hii kubwa ya tambarare. Wale wageni, akasema, watakuwa wanapumzika hapa, kwenye kivuli cha lile jiwe, na wewe ungekuwa unawauzia chai ya maziwa, mama. Nikamwambia tembea.

Halafu mteremko. Akasema nishike kiuno. Nikasema breki zipo? Akasema zipo. Akaachia.

Niandike kweli, hakuna anayesoma hapa. Nilipiga kelele mwanzo. Khanga ikawa bendera. Mawe yanapita, mihogo inapita, watoto wa shule wamekaa pembeni wanashangilia bibi kwenye baiskeli. Hakuna wa kumpisha, hakuna honi, barabara yote yetu. Upepo uliniingia mdomoni. Nikacheka. Nimecheka mpaka machozi yakarudi nyuma kwenye masikio. Tulipofika chini nikamwambia simama, akadhani nimeumia. Nilitaka tu kukaa kidogo.

Basi nimeelewa kile alichosema yule mama kwa lugha yake. Nimeelewa na sijafurahi kuelewa.

Venant aliniona. Akageuka kuangalia mnyororo. Ni bora angesema.

Saa nne tulikuwa juu ya kilima cha pili, ziwa lote linaonekana. Nikasema tunafika mapema. Akasema ndiyo. Kidogo tena, mita chache, akasimama. Pancha, mama.

Nimekaa kwenye jiwe. Amepindua baiskeli, magurudumu juu. Ametoa tairi la nyuma. Ametoa tiubu. Amelipitisha shavuni asikie upepo unapotoka. Amelipitisha tena. Nikamuuliza, tundu liko wapi? Akasema dogo sana, halionekani. Nikampa maji yangu ya kunywa alilowanishe. Akalilowanisha. Halikutoa povu. Akasema labda kwenye valvu.

Huyu alikuwa anaziba pancha za kijiji kizima akiwa hajabalehe. Naweka maji jikoni, hayajachemka, amemaliza.

Nimesimama nikalipapasa lile tairi ndani, kote, kwa vidole vyangu. Hakuna mwiba. Hakuna msumari. Nikalirudisha mkononi mwake. Hakuniuliza nimeona nini.

Nimeuliza saa. Sita na robo. Akapaka solusheni, akaweka kiraka mahali. Sijaona pametoboka. Akasema lazima ikauke. Tukangoja ikauke. Akanipa ndizi. Nikaila, nilikuwa na njaa.

Nimeuliza saa tena. Saba kasoro dakika tano.

Hapa mpaka Nyegezi kwa baiskeli ni kama saa moja. Kwa miguu, kwa mwenye goti zima, saa mbili. Kwangu mimi sijui. Halafu gari la mjini. Nimehesabu, nimehesabu tena, kila mara inapita juu ya saa tisa na nusu au inabaki chini yake kidogo, inategemea goti.

Barabara haina mtu. Nimetazama mbele na nyuma. Kama kungekuwa na gari ningepunga mkono. Hakuna gari.

Nimemwambia, Venant, natembea. Sikumtukana.

Akasema, kaa mama, namalizia.

Nikasema, mwanangu, niangalie. Amerudisha tiubu ndani, amebana tairi, amefunga nati, vizuri kabisa, kila nati. Hakuinua uso. Sasa amechutama kwenye gurudumu, pampu imo mkononi, mpira wake ameshauchomeka kwenye valvu.

Hapigi pampu.

Nimefunga khanga kiunoni. Naandika nikiwa nimesimama. Bado anashika hiyo pampu, na jasho linamtoka nyuma ya masikio kama alipokuwa mtoto akinidanganya. Naenda.